Mgeni Hataki Kula

Bi Tatu alizikwa Ijumaa huko Kisaki, nami nikazipata habari Jumatano iliyofuata, sokoni Morogoro, nikiwa nachagua mchicha. Aliyenipa habari ni mchuuzi wa samaki wakavu anayetoka pande zile, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinibebea salamu kwenda na kurudi. Aliniambia huku anafunga mzigo wake, kama anayesema kwamba jana mvua ilinyesha: "Yule bibi yako wa Kisaki ametangulia mbele ya haki." Nikamshukuru. Nikatembea mpaka nyumbani, na nilipofika ndipo nikaona kwamba mchicha nimeuacha na kapu langu pia nimeliacha. Wanangu wakaniuliza aliyekufa ni nani. Nikasema, mke mwenzangu. Wakatazamana. Wote wamezaliwa huko reli ilikotupeleka, wamekua wakimjua baba yao ana mke mmoja, na mimi sikuwahi kuwaambia vinginevyo. Sikukusudia kuficha. Kila nilipotaka kuanza sikujua nianzie wapi. Mwanangu mkubwa akaniuliza kwa upole, "Mlikuwa mnagombana, mama?" Ndivyo watu wanavyofikiri wakisikia neno hilo. Nikamwambia aningoje niende Kisaki, nikirudi nitamweleza. Nimerudi, na haya ndiyo maelezo yenyewe.

Mwaka wenyewe ni ule ambao Wajerumani walikuwa wameshaifikisha reli Morogoro na wanaisukuma mbele kuelekea Kilosa. Mji ulikuwa mdogo lakini una makelele: nyundo juu ya chuma tangu alfajiri, king'ora cha garimoshi, tarumbeta ya askari bomani. Mimi nilikuwa nimeteremka kutoka mlimani, upande wa Matombo, ambako asubuhi husikii ila maji na majogoo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, au kumi na saba. Sefu, mume wangu, alikuwa seremala. Aliwajengea wahandisi nyumba za mbao katika kambi zao, na kambi ikihama naye anahama. Nilikaa naye wiki tatu tu. Kisha akafunga misumeno yake ndani ya gunia, akaniambia, "Msikilize Bi Mkubwa," akaenda zake. Nikabaki katika nyumba ya wanawake wawili ambao hawakuwa na neno la kuambiana.

Nyumba hiyo naiona mpaka leo nikifumba macho. Ukumbi mwembamba katikati, chumba changu kushoto, chumba cha Bi Tatu kulia, na milango yetu ikielekeana, hata ukifungua wako unauona wake. Nyuma kulikuwa na ua wa mabua, jiko la mafiga matatu, na banda la Sefu la useremala ambalo lilibaki na harufu ya mbao muda mrefu baada ya mbao zenyewe kwisha. Bi Tatu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye mikono mikubwa, mzaliwa wa Kisaki. Alikuwa amezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Hakunitukana hata siku moja. Alipika, akanipakulia changu katika bakuli langu, akakiweka mlangoni kwangu, akaenda kula chake chumbani kwake. Nilipomwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa," aliitikia, "Marahaba," na yakaishia hapo. Ukimya ule uliniumiza kuliko matusi. Nami nikawa nakula matonge mawili, matatu, mengine nayarudisha.

Siku moja, wiki ya kwanza tangu Sefu aondoke, nimejilaza chumbani mchana, nikamsikia Bi Tatu uani anasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti laini ya mtu anayembembeleza mtoto: "Mgeni, njoo ule. Njoo mama, wali umepoa." Nikajua ameona ninavyorudisha chakula, amenihurumia. Nikajifunga kanga yangu vizuri, nikatoka mpaka uani, nikasema, "Nimekuja, Bi Mkubwa." Alikuwa amechuchumaa, sahani ya wali mkononi, na mbele yake amesimama bata. Bata mweupe mwenye madoa meusi mgongoni na nyama nyekundu kuzunguka macho. Bi Tatu akanitazama, akamtazama bata, akasema, "Huyu ndiye Mgeni. Ni jina lake." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mkatili, akaongeza, "Lakini kama una njaa, wali upo jikoni." Nikasema sina njaa. Nikarudi chumbani nikalia mpaka mto ukalowa. Nimeolewa, nikajiambia, katika nyumba ambayo bata anaitwa mama na mimi siitwi kitu.

Aliyenieleza habari za bata ni jirani yetu, Bi Hadija, mwanamke wa Bagamoyo, mke wa Mzee Athumani. Nilikuwa nikikimbilia uani kwake kila nilipoweza. Alisema kwamba baada ya vita vile vya kusini, njaa ilipoingia Kisaki, mama yake Bi Tatu aliondoka kwao kwa miguu, akauzunguka mlima wote mpaka Morogoro kumfuata binti yake. Alitembea siku nyingi akila mizizi na majani ya porini, na kwapani amembeba kifaranga cha bata. Watu aliokutana nao njiani walitaka kumnyang'anya, wengine walimwomba wamchinje wagawane. Akakataa. Alipofika mlangoni hakuweza hata kusalimu. Alimkabidhi binti yake kile kifaranga, akasema, "Nimekuletea mgeni." Alipewa uji, tumbo lisiupokee. Siku ya nne akafa, katika kile chumba nilichokuwa nalala mimi. "Mtu amekufa kwa njaa na kitoweo anacho mkononi," Bi Hadija alisema. "Sasa wewe mwambie Tatu yule ni bata."

Tangu siku hiyo nilianza kusikiliza. Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Bi Tatu alimfungulia Mgeni banda lake na kuzungumza naye Kikutu, lugha ya kwao, ambayo haiko mbali na Kiluguru chetu, kwa hiyo niliielewa zaidi ya alivyodhani. Alimweleza alichokiota. Alimwambia kisima kimepungua, kwamba Sefu hajaleta habari, kwamba yule mtoto wa watu chumbani mle analia sana na yeye hajui amwambie nini. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika komeo. Nadhani ningalitoka siku ile na kusema neno, miezi miwili ya ukimya tungaliiokoa. Lakini nilikuwa kijana, na kijana husubiri aitwe.

Badala yake nilijishughulisha na kofia. Bi Hadija alijua kushona kofia za kiua, zile za vitundu vidogovidogo ambazo wanawake wa pwani huwashonea waume zao. Akanifundisha. Nilinunua uzi mweupe duka la Mhindi karibu na stesheni, nikawa nakaa nyuma ya banda la Sefu kila alasiri, nashona tundu baada ya tundu, nikiwaza siku atakayorudi nimvalishe mbele ya Bi Tatu. Ndiyo, nilitaka aone. Bi Hadija aliniambia, "Usimwambie mtu. Kofia ikijulikana kabla haijavaliwa haina raha tena." Nikaficha. Vipande vya uzi nilivikata kwa meno na kuvitupa palepale nilipokaa, mavumbini.

Masika yalikuwa yamekwisha, na asubuhi ukungu ulikuwa unateremka kutoka mlimani mpaka mtaani kwetu, Mgeni alipoacha kula. Siku ya kwanza hatukujali. Siku ya pili nilimwona mwenyewe: alikwenda mbio kwenye sahani, akainamisha kichwa kama anayetaka kwa moyo wote, akachovya mdomo, kisha akakung'uta kichwa, akarudi nyuma na kusimama. Akajaribu tena. Akakung'uta tena. Mwisho akaenda kujikunja kivulini. Bi Tatu akampikia wali laini. Akamletea konokono kutoka mtoni. Akampa pumba iliyochanganywa na majivu, akampa maji ya kitunguu, akamsugua shingo kwa mafuta ya nyonyo. Siku ya tatu nikamsikia nje ya mlango wangu.

"Upo?"

"Nipo, Bi Mkubwa."

"Njoo unishikie. Peke yangu siwezi."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya kuniomba kitu. Nilikaa kwenye kigoda, nikampakata Mgeni, mabawa nimeyabana chini ya mikono yangu. Sikuwahi kumshika. Nilidhani atakuwa mzito, kumbe chini ya manyoya kulikuwa na joto na mifupa tu, na moyo unapiga mbio juu ya tumbo langu. Bi Tatu alikunja jani la mgomba, akalichopeka pembeni mwa mdomo, akatiririsha uji mwembamba kidogo kidogo. Mwingi ulimwagika juu ya kanga yangu, mchache ukateremka. Tulifanya hivyo asubuhi, adhuhuri na alasiri. Tulikaa magoti yakigusana, na kwa kuwa huwezi kukaa hivyo na mtu ukanyamaza daima, tukaanza kusemezana. Kwanza habari za uji tu. Mzito, mwepesi, ngoja apumue. Kisha akaniuliza, "Kwenu mnafuga bata?" Nikamwambia kwetu maji yanakwenda kasi mno, bata angefika Morogoro kabla ya jioni. Alinitazama, na pembe za mdomo wake zikatikisika. Sikumwona akicheka, lakini nilijua ilikuwa karibu.

Siku ya tano nikagundua kwamba Bi Tatu naye hali. Bakuli langu lilikuja mlangoni kama kawaida, lakini nilipokwenda kuosha vyombo niliona chungu hakijapungua ila sehemu yangu. Nikapika mlenda, nikasonga ugali wa mtama, nikaviweka mbele yake pale uani. Akasema hataki. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikaa chini mkabala naye, nikamega tonge, nikamwambia, "Bi Mkubwa, mimi siwezi kuwalisha wawili kwa jani la mgomba." Kisha akanawa mikono. Akala kidogo, nami nikala, tukachovya katika bakuli moja kwa sababu sikuwa nimeleta la pili. Akasema bila kuinua macho, "Mama yangu nilimpa uji kwa haraka. Baadaye watu waliniambia mtu wa njaa hupewa maji kwanza, kidogo, siku nzima. Mimi nilimpa bakuli zima. Nilifurahi kumwona, nikampa bakuli zima." Nilimsogezea bakuli la mlenda karibu.

Siku ya saba Mgeni hakusimama tena. Bi Hadija alikuja, akamgeuza, akasema waziwazi, "Tatu, huyu hafiki kesho. Akifa ni mzoga, hata mbwa utaona haya kumpa. Mwache Athumani amchinje leo, angalau aende kwa bismillahi." Nilitegemea Bi Tatu akatae. Alikaa akimpapasa Mgeni mgongo, halafu akasema, "Mwite." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. Mzee Athumani alikuja asubuhi ile ile na kisu chake amekifunga kwenye kitambaa. Alikuwa mpole, hakutaka haraka. Akachimba kishimo kidogo penye mgomba. Akasema, "Mpeni maji kwanza," kwa kuwa ndivyo ilivyo desturi, mnyama hachinjwi na kiu. Bi Tatu akaingia chumbani kwake, akarudisha mlango. Kwa hiyo nikampa maji mimi.

Nilimpakata kama siku zote. Jua lilikuwa limepanda juu ya ua wa mabua na lilinipiga usoni, nikageuka ili lisinichome macho, na kwa kugeuka hivyo likaingia moja kwa moja ndani ya mdomo wa Mgeni uliokuwa wazi. Nikaona chini ya ulimi kitu cheupe. Nikadhani ni ute. Nikagusa kwa kidole, hakikutoka. Kilikuwa kigumu, kimeukaba ulimi shinani kama pete, na ulimi umevimba pande zote mbili mpaka karibu umekifunika. Nikasema, "Mzee Athumani, njoo uone." Akainama, akakodoa macho, akasema, "Huo ni uzi."

Nilikimbia chumbani, nikaleta sindano yangu. Mzee Athumani akamshika kichwa, mimi nikapitisha ncha ya sindano chini ya ule mzingo, nikaunyanyua kadiri ya unywele, naye akaugusa kwa ncha ya kisu alichokuja nacho kuchinjia. Ukakatika. Ncha nyingine ilikuwa imeteremka kooni. Nikaivuta taratibu, ikawa inakuja, inakuja, urefu wa mkono wangu, na mwishoni donge la nyuzi na majani limekamatana kama chungwa changa. Mgeni akapiga chafya. Akakung'uta kichwa. Kisha akatia mdomo katika bakuli la maji na kunywa, akainua shingo, akanywa tena. Nikamwita Bi Tatu. Alitoka akiwa amejiandaa kuona damu. Alimwona Mgeni anakunywa, akakaa palepale kizingitini. Mzee Athumani akafuta kisu chake na kukifunga tena katika kitambaa. Akasema, "Basi mimi narudi kula mchicha wangu," akaondoka anatabasamu.

Furaha yangu haikudumu hata robo saa. Ule uzi nilikuwa bado nimeushika, na kila nilivyoutazama ndivyo nilivyozidi kuujua. Ulikuwa uzi mweupe, mwembamba, wa kofia. Nilijua mahali nilipoutupa. Ningeweza kuutumbukiza jikoni na hakuna ambaye angejua. Nitasema kweli, nilikaribia kufanya hivyo. Nilikuwa nimesimama mbele ya mafiga. Lakini nilimwona Bi Tatu anamlisha Mgeni punje za wali moja moja kwa kidole, na akili yangu ikarudi kwenye yale maneno kuhusu bakuli zima, nikaona siwezi kukaa naye nyumba moja nikiwa nimemeza jambo kama lile. Nikaenda chumbani, nikaileta kofia, nikapiga magoti mbele yake na kuiweka chini pamoja na ule uzi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa namshonea Sefu. Vipande nilivitupa nyuma ya banda. Mimi ndiye niliyetaka kumuua."

Aliichukua kofia. Akaigeuza ndani na nje, akahesabu vitundu kwa ukucha, akaipeleka juani aone mshono. Uso wake haukuniambia kitu. Akainuka, akaingia chumbani kwake, nikamsikia anafungua kasha. Nilidhani anakusanya vitu vyangu anifukuze, ingawa vitu vyangu havikuwa chumbani kwake. Aliporudi alikuwa na kofia. Nyeupe, ya kiua, imefika nusu kama yangu. Akaiweka kando ya ile.

"Umefundishwa na Hadija," akasema.

"Ndiyo."

"Akakwambia usimwambie mtu."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Uzi wa duka la pale stesheni." Akauchukua ule uzi, akaunyoosha baina ya vidole. "Mimi vipande vyangu navifagia asubuhi, navitupa uani. Hapa hakuna atakayejua ni wa nani." Akazitazama zile kofia mbili. "Na kichwa anacho kimoja tu."

Ndipo akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kizito, kinatoka tumboni, kinamtikisa mabega, na mimi ambaye machozi yalikuwa bado yananichuruzika nikacheka naye, mpaka Bi Hadija akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini.

Nikiambiwa nichague siku za kuziishi tena, sitachagua harusi yangu, wala siku nilipomzaa mwanangu wa kwanza, Mungu anisamehe. Nitachagua miezi iliyofuata. Tuliacha kupakua kwenye mabakuli mawili. Tuliacha milango wazi. Nilimwita dada bila mtu kuniambia nimwite hivyo, naye akaniita Zena, halafu Ze, kama mama yangu alivyoniita. Kila tulipofua tulikwenda mtoni na Mgeni, ambaye alinenepa akawa anatembea mbele yetu kama mwenye mtaa. Tulianika nguo juu ya mawe na kukaa miguu majini, nikamwonyesha mlimani kigongo ambacho nyuma yake ndiko kwetu. Mara nyingi wingu lilikuwa limekifunika, nikamwonyesha wingu. Naye akasema, "Sisi Kisaki tunauona mgongo wake. Nilipokuja huku mara ya kwanza nilidhani ni mlima mwingine." Tulizungumza mambo ambayo sijayazungumza na mtu tena. Watoto wake wawili, majina yao, yule mmoja alivyokuwa akilala amejishika sikio. Habari za Sefu tulizungumza kidogo tu, kadiri siku zilivyokwenda ndivyo tulivyomsahau. Kofia hatukuzimaliza, wala hatukuambiana tuziache. Hilo nimelitafakari uzeeni. Wakati ule nilidhani tumechoka kushona.

Kisha barua ikaja. Aliileta mfanyakazi wa reli, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa kuwa hatukujua kusoma tulimwita mwalimu wa chuo cha Kurani. Akaisoma amesimama barazani, sisi tumekaa mkekani tunapeta mchele. Sefu alisema kazi imempeleka mbali, huko mbele ya Kilosa amejenga nyumba yake mwenyewe, hatarudi Morogoro. Hataweza kutunza nyumba mbili. Alimtaka Zena apande garimoshi amfuate. Na Tatu binti Mbaruku amempa talaka yake, ni huru, akae eda yake katika nyumba, ikiisha aende kwao kwa amani. Mwalimu aliikunja barua, akasema, "Mungu awape subira," akaondoka upesi. Bi Tatu aliendelea kupeta. Ungo ulipanda na kushuka, pumba zikapeperuka.

"Mimi siendi," nikasema.

"Utakwenda."

"Dada, siendi. Twende sote Kisaki. Au twende kwetu mlimani, mashamba yapo."

"Ze," akasema, "una miaka mingapi? Mimi nimemaliza. Wewe hujazaa hata mmoja. Utakuja kunichukia kwa watoto ambao hukuwapata." Akatua ungo. "Nenda kwa mumeo."

Nimewaambia watu, mara moja moja, kwamba nililazimika kwenda. Katika maelezo haya sitasema hivyo. Nilisema siendi na nikalia kweli, lakini siku ile ile nilishaanza kupanga nguo zangu kichwani, ipi nitavaa nikiteremka kwenye garimoshi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na mtu alikuwa ameniita. Bi Tatu aliliona hilo usoni kwangu kabla sijaliona mimi, na akanipa ruhusa ili nisilazimike kuichukua mwenyewe. Miaka yote hii, nikipakua chakula cha mtu mmoja, wazo hilo hunirudia.

Kwa sababu ya eda hakuweza kunisindikiza. Mwanamke wa eda hatoki. Tuliagana ukumbini, baina ya milango ile miwili. Alinitia mkononi furushi la mihogo ya kukaanga ya njiani, akanirekebisha kanga begani, akasema nisikae dirishani, cheche za makaa hutoboa nguo. Mzee Athumani akabeba kisanduku changu. Nilipofika njiani niligeuka, naye alikuwa amesimama ndani, mbali na kizingiti, gizani mwa ukumbi, hata sikuuona uso wake, niliona weupe wa kanga tu. Eda ilipokwisha aliondoka na Mgeni wake kwa miguu kurudi Kisaki, kwa njia ile ile aliyojia mama yake. Bi Hadija ndiye aliyenipelekea habari hizo, miezi mingi baadaye.

Mengine ni maisha. Sefu alikuwa mume wa kawaida, alinilisha, alinizalisha watano. Ikaja vita ya Wajerumani na Waingereza, ikapita. Sefu alipofariki nilirudi Morogoro na wanangu, nikapanga mtaa wa pili kutoka nyumba ile, na tangu hapo Kisaki ikawa safari ya lori ya siku moja. Siku moja tu. Nilituma salamu, nikaletewa salamu. Kila mwaka nilisema mvua zikikatika nitakwenda. Mvua zikikatika kuna mavuno, baada ya mavuno kuna arusi ya mtu, kuna mjukuu anaumwa. Nadhani niliogopa. Niliogopa nimkute amenisahau, na niliogopa zaidi nimkute hajanisahau.

Lori lilipita Matombo, likapita kwetu, sikuteremka. Likashuka upande wa pili, na jioni nikaona mlima umenipa mgongo. Matanga yalikuwa yamekwisha, wamebaki jamaa wachache wamekaa mkekani wanamenya mihogo. Nikaamkia, nikaitikiwa, nikapewa maji ya kunywa. Mwanamke mmoja wa makamo, binti wa kaka yake Bi Tatu, alinitazama sana, kisha akaniuliza kwa adabu, "Samahani, mama, marehemu wewe ulikuwa nani wake?"

Njia nzima nilikuwa nimetayarisha jibu la swali hilo. Pale mkekani nikalikosa. Mke mwenza, tulikuwa hivyo kwa karatasi, na karatasi yenyewe ilikwishachanwa. Nikasema, "Tulikaa pamoja Morogoro. Mwaka mmoja."

Yule mwanamke akaacha kumenya. Akamtazama mwenzake, akanitazama tena.

"Shangazi alikuwa akisema ana mdogo wake Morogoro," akasema. "Kila lori likipita alikuwa anauliza nani ameteremka. Tukimwambia shangazi, huna mdogo wewe, bibi alizaa wawili tu, wewe na baba, anakasirika, hasemi na sisi kutwa nzima. Tulidhani ni uzee."

"Ni mimi," nikamwambia. "Nilikawia."